Taa za LED za 5,000 K kwenye meza za waamuzi: uzoefu wangu Nairobi

Mwaka juzi, katika mashindano yetu ya modeli za plastiki, Boeing 787 ndogo yenye rangi za Kenya Airways ilipunguziwa alama kwa sababu waamuzi waliuona mstari wake mwekundu kuwa wa kahawia. Mwenyewe aliibeba hadi mlangoni, akaiinua kwenye mwanga wa mchana, na wekundu halisi ukaonekana mbele yetu sote. Alama zilikuwa zimekwisha kujumlishwa. Kwa kuwa ndimi niliyekuwa na jukumu la kuandaa ukumbi, niliona kosa lile kuwa langu, na nikaazimia kutafuta taa zinazofaa.

Nilizunguka maduka ya umeme ya Luthuli Avenue kwa siku mbili. Wauzaji wengi walinitajia wati na mwangaza tu, ilhali nilichokihitaji ni taa inayoonyesha rangi kwa uaminifu. Kipimo chake huandikwa CRI kwenye kasha, na kiwango cha juu kabisa ni 100. Hata hivyo, kipimo hicho ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea haimo, nayo hupimwa kando kwa jina la R9. Ndiyo maana taa yenye CRI ya 80 inaweza kufaa kabisa ofisini na bado ikaiharibu nyekundu ya modeli. Hatimaye nilipata mirija ya LED ya futi 4, wati 18 kila mmoja, yenye CRI ya 95, R9 iliyoandikwa waziwazi, na mwanga mweupe wa 5,000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) unaokaribia ule wa mchana. Nilinunua sita, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya mirija ya kawaida.

Fundi wa jua kali wa Kamukunji aliniundia fremu za chuma zinazosimama juu ya meza, zikiishikilia mirija kwa urefu wa sentimita 120 kutoka usawa wa meza. Jaribio la kwanza halikunipendeza. Nilipopima kwa programu ya simu, ambayo si sahihi kama kipimo cha kitaalamu lakini inatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine, katikati ya meza palikuwa na takriban luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwangaza unaoangukia mahali) na pembeni 600. Modeli iliyowekwa pembeni ingeshindana gizani na jirani yake aliye katikati, jambo ambalo haki haiwezi kulikubali. Niliisogeza mirija ili ncha zake zipishane na kuvuka kingo za meza, na tofauti hiyo ikapungua sana.

Tatizo la pili lilikuwa mng'ao. Kulikuwa na matatu ya skeli ya 1/24 iliyopigwa vanishi ikang'aa kama kioo, na mirija iliyo wazi ilichora mistari myeupe juu ya paa lake hata michoro ya ubavuni ikawa haisomeki vizuri. Nilinunua vipande vya akriliki nyeupe kama maziwa kutoka kwa watengenezaji wa mabango, nikavifunga chini ya mirija. Mwangaza ulipungua kidogo, lakini ulitawanyika, na matatu ile ikaonekana kama ilivyokusudiwa.

Mwanga uliotawanyika, hata hivyo, huficha makosa: mshono wa gundi usiosuguliwa vizuri, mikwaruzo ya msasa, na weupe wa hewa iliyonaswa chini ya dikali, yaani michoro ya kubandika, huonekana pale tu mwanga unapopita kwa upande. Kwa hiyo kila mwamuzi alipewa tochi ndogo ya aina moja, pamoja na kioo kidogo cha kutazamia chini ya ndege, kwa kuwa haruhusiwi kuigusa. Tulikubaliana pia kwamba tochi ikimulika modeli moja, imulike zote za kundi hilo. Mapazia tuliyafunga kutwa nzima, ingawa Julai ya Nairobi huwa na mawingu, kwa sababu mwanga wa dirishani hubadilika rangi kadiri saa zinavyosonga, nao hauzifikii meza zote kwa kiasi kimoja.

Kasoro za taa zenyewe nilizikuta mbili. Mrija mmoja ulitoa mwanga wa manjano zaidi kuliko wenzake ingawa ulitoka kwenye kasha lilelile, na mwingine ulimemeta. Kumemeta huko jicho haliwezi kukuona, lakini kamera ya simu ilionyesha mistari myeusi ikipita kwenye skrini, kwani umeme wetu wa hezi 50 huifanya taa isiyo na kidhibiti kizuri ififie mara 100 kwa sekunde. Muuzaji alinibadilishia yote miwili bila ubishi. Ningemshauri kila mnunuzi aiwashe mirija yake yote kwa pamoja mbele ya karatasi nyeupe kabla ya kuondoka dukani.

Siku ya mashindano, waamuzi watatu walitoa alama zinazokaribiana kwenye vifaru vya kijani cha mzeituni, kundi ambalo zamani lilikuwa likizua mabishano marefu, na hakuna mshindani aliyebeba modeli yake kwenda mlangoni. Ningezinunua taa hizi tena, ila ningechukua nane badala ya sita, na mbili za ziada ningezifunga kwenye meza ya usajili ili kila mshindani aione kazi yake chini ya mwanga uleule watakaoutumia waamuzi.