Thinking for a Change: tathmini ya mafunzo ya fikra kwa walio kwenye probesheni

Mtu ambaye mahakama imemruhusu atumikie adhabu yake nje ya gereza hupewa masharti yanayoeleweka: afike kwa afisa wa probesheni siku aliyopangiwa, asihame makazi bila ruhusa, asirudie kosa. Masharti hayo humweleza la kufanya na la kuacha, lakini hayamfundishi ajizuieje katika zile sekunde chache zilizopo kati ya kutukanwa na kurusha ngumi. Sekunde hizo ndizo zinazoshughulikiwa na Thinking for a Change, mtaala wa masomo 25 ulioandaliwa na Jack Bush, Barry Glick na Juliana Taymans kwa ajili ya taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia masuala ya urekebishaji wa wahalifu, ambao ulianza kutumika mwaka 1997. Nimeuendesha nikiwa mwezeshaji wa vikundi kadhaa. Ninauthamini sana, ila zipo kasoro ambazo sitazifumbia macho.

Mtaala umejengwa juu ya mambo matatu, yaani stadi za kijamii, kujibadilisha kifikra na utatuzi wa matatizo, na huendeshwa katika vikundi vidogo vya watu 8 hadi 12. Stadi za mwanzo ni kama kusikiliza kwa makini na kuuliza swali. Baadaye huja kuomba radhi na kumjibu mtu aliyekasirika. Kwenye karatasi huonekana mambo ya kitoto. Lakini nimemwona mtu mzima, mwenye watoto wake, akisimama mbele ya wenzake katika igizo dhima la kuomba radhi, akafungua kinywa na maneno yasitoke, kwa sababu alikuwa hajawahi kuyatamka kwa mtu yeyote bila kuongeza neno «lakini».

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ripoti ya fikra. Mshiriki hueleza tukio kwa maneno machache yasiyo na hukumu, kisha huorodhesha fikra zote zilizompitia kichwani kama zilivyokuja, halafu hisia zake, na mwisho imani iliyolala chini ya fikra hizo. Mmoja wa washiriki wangu alileta tukio dogo tu: alisubirishwa saa nzima kabla ya kuitwa na afisa wake. Chini ya fikra aliandika: «Ananidharau. Ananiona si mtu. Nikiondoka sasa atajua kwamba mimi si wa kuchezewa.» Chini ya hisia aliandika hasira, akaifuta, akaandika aibu, kisha akairudisha hasira kando yake. Imani aliyoigundua ni kwamba mtu akikuvunjia heshima nawe ukanyamaza, basi wewe ni mnyonge.

Kikundi kilipoulizwa ni fikra ipi ingemtia matatani, wote walitaja ile ya tatu, kwa kuwa kuondoka kabla ya kuonana na afisa kungehesabiwa kuwa amekiuka masharti. Hapo hakuna aliyemwambia kwamba amekosea kuwaza hivyo, na mwezeshaji hapaswi kusema hivyo; kazi yake ni kuuliza fikra hiyo inampeleka wapi, kisha kumwachia mwenyewe atafute nyingine ambayo anaweza kuiamini kweli. Aliifikiria kwa muda mrefu, akasema: «Nimekuja kwa ajili yangu, si kwa ajili yake.» Sidhani kama kuna hotuba yoyote ambayo ingempa sentensi hiyo.

Wanaotaka kujua kama mafunzo ya aina hii yanafaa wasitegemee mapenzi yangu peke yake. Mwaka 2007 Mark Lipsey, Nana Landenberger na Sandra Wilson walichambua kwa pamoja tafiti 58 kuhusu programu za fikra na tabia kwa waliotenda makosa, si mtaala huu pekee, wakakuta kwamba kwa wastani kurudia uhalifu kulipungua kwa asilimia 25. Kwa maneno mengine, mahali ambapo watu 40 katika 100 wangerudia, walirudia 30 hivi. Waliona pia kwamba manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa walio katika hatari kubwa ya kurudia makosa, na pale mafunzo yalipoendeshwa kwa ubora.

Sharti hilo la ubora ndilo linalovunjwa mara nyingi. Mwongozo una maneno ambayo mwezeshaji anaweza kuyasema karibu kama yalivyo, jambo linalomsaidia asiye na uzoefu, lakini akiyasoma huku ameinamisha kichwa, washiriki hulala. Aidha, mtaala unadai kuandika sana. Asiyesoma vizuri huona haya, huanza kukosa vipindi, na utoro huo huchukuliwa kuwa ukaidi; ni heri kumruhusu aisimulie ripoti yake kwa mdomo tangu siku ya kwanza. Vipindi viwili kwa wiki navyo ni mzigo kwa mtu aliyepata kibarua juzi. Na mafunzo haya hayampi mtu kazi, mahali pa kulala wala tiba ya uraibu, kwa hiyo mahakama inayoyaagiza badala ya hayo inajidanganya.

Ninapinga pia kuwapeleka watu wote. Mwenye kosa moja dogo, aliye na kazi na familia imara, hana haja ya kukalishwa miezi pamoja na watu waliozoea uhalifu. Mafunzo yatamnufaisha kidogo, na marafiki atakaowapata huenda wakamdhuru.

Afisa anayemtuma mtu kwenye kikundi naye ajifunze kujaza ripoti hiyo, ikiwezekana kwa tukio lake mwenyewe. Nimeona tofauti kubwa kati ya washiriki ambao maafisa wao, kosa likitokea, huuliza «Kwa nini ulifanya hivyo?», na wale ambao maafisa wao husogeza karatasi na kalamu mezani, wakauliza, «Ulikuwa unawaza nini kabla hujaondoka nyumbani?» Wa kwanza hujitetea. Wa pili, mara nyingi baada ya kimya kirefu, huanza kuandika.