TAHADHARI: Muuzaji wa betri na vifaa vya roboti za mapigano kwa "oda ya China"

Wakuu, heshima kwenu. Kwa wale mnaounda roboti za mapigano nyumbani, zile za rimoti zinazogongana ulingoni, hasa vijana mnaokimbizana na zile za kilo moja na nusu kwa ajili ya mashindano, kuna jamaa hapa Dar anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram akitangaza "vifaa kamili vya roboti, nusu sasa, nusu mzigo ukifika". Msimpe hela. Ameshawapiga vijana kadhaa ninaowafahamu, na mmoja wao hela ilikuwa ya mchango wa darasa zima.

Jina la ukurasa wake silitaji. Limeshabadilika mara mbili tangu tuanze kumfuatilia, kwa hiyo hata nikilitaja leo, wiki ijayo halitawasaidia. Halafu suala lenyewe liko polisi. Shikeni mwenendo wake, huo haubadiliki.

Picha zake ni nzuri mno. Meza nyeupe, mwanga safi, betri zimepangwa kwa mstari, na ukikuza kona ya chini unaona mahali ambapo alama ya mwenye picha imefutwafutwa. Mwambie apige picha ya betri hiyohiyo ikiwa juu ya mzani, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Hapo utasikia "boss niko barabarani", mara "dogo wa stoo katoka na funguo". Duka anasema liko Kariakoo, na mtaa anautaja bila kusita. Kijana mmoja alikwenda, akakuta fremu inauza mapazia na mwenye fremu hajawahi kumsikia mtu huyo.

Wengi wetu tunaamini tapeli anajulikana kwa bei ya kutupa. Huyu hapana. Bei yake iko chini kidogo tu ya ile unayoiona kwingine, na anakubali kushushwa baada ya mabishano marefu ili ujione umeshinda. Dalili inakuja wakati wa kulipa. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea, na jina hilo si la duka wala si lake. Ukimuuliza anasema "ni shemeji yangu, laini yangu imefika kikomo cha siku". Shemeji huyo naye hubadilika kila mteja.

Ukishatuma nusu, kinachofuata kinategemea amekusoma vipi. Akikuona una haraka na mashindano, anakuja na hadithi ya forodha: mzigo umekamatwa uwanja wa ndege, TRA wanataka kodi, tuma kabla ya saa kumi jioni maana kesho unaanza kulipia ghala. Jamani, malipo ya serikali Tanzania yanakwenda kwa ile namba ya malipo tunayoiita kontroo namba, na unailipa wewe mwenyewe benki au kwa simu. Hakuna ofisa wa forodha anayepokea kodi kwenye laini yake, wala kupitia kwa muuzaji. Asiyeweza kukupa kontroo namba hana mzigo.

Na sikilizeni anavyojieleza kuhusu betri. Anawaambia watu "zinashuka kesho na ndege ya abiria". Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zilizofungashwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Zinapanda ndege za mizigo tu, tena zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Ndiyo maana nyingi zinakuja kwa meli na zinachelewa. Mtu anayeishi kwa biashara hii analijua hilo hata akiwa usingizini.

Kuna ambao hupokea kifurushi kweli, na hao ndio wananitia wasiwasi zaidi. Nilifungua kimoja mezani kwangu mbele ya kijana mwenyewe. Betri iliandikwa 3S (selo tatu, yaani vibetri vitatu ndani ya pakiti moja), 1000 mAh (ampea 1 kwa saa nzima), 120C (eti inaweza kutoa mara 120 ya hiyo). Ukizidisha, hiyo ni ampea 120, sawa? Lakini nyaya zake zilikuwa nyembamba kama za spika ya redio ndogo, na soketi ni ile ndogo ya njano ya XT30, ambayo kazi yake ni ampea 15 mfululizo na 30 kwa muda mfupi. Lebo ilikuwa inajikanusha yenyewe. Tukaiweka kwenye mzani wa jikoni: gramu 52. Betri ya kweli ya ukubwa huo hucheza kati ya gramu 80 na 100, kwa sababu nishati ina uzito wake na hakuna kiwanda kinachoweza kuuficha.

Nikachana plastiki ya nje polepole kwa kisu cha mbao ili nisiguse selo. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine ya zamani, imekwaruzwa lakini "450", yaani mAh 450, bado inasomeka. Masikio ya selo, vile vibati vya kuunganishia, yalikuwa na risasi ya kulehemu ya mara mbili, moja imeng'aa na nyingine imefifia, maana yake zilishawahi kung'olewa kwenye pakiti nyingine. Nikapima kwenye plagi ndogo ya kusawazishia: selo mbili zilikuwa volti 3.8, ya tatu 2.9. Selo ya lipo, yaani betri hizi za lithiamu polima, haitakiwi kushuka chini ya volti 3, na pakiti mpya selo zake zinatofautiana kwa sehemu ndogo sana ya volti. Hiyo ya 2.9 ilikuwa imeanza kuvimba, ukiikandamiza kwa kidole unahisi kama kuna upepo ndani.

Hebu mfikirie mtoto wa kidato cha tatu anaichaji kitu hicho usiku chumbani, juu ya godoro. Lipo ikilipuka haiungui kama mshumaa. Inatema moto kwa nguvu na moshi wake ni sumu. Kwa hiyo waliokwisha kununua kwake, msizichaji kabisa, hata kama zinaonekana nzima. Itoeni nje, iwekeni kwenye ndoo ya mchanga mbali na ukuta, na kama haijatoboka unganisheni na taa ya gari ya volti 12 hukohuko nje mpaka taa izime yenyewe. Na msidhani kuichajia ndani ya sufuria ya mama ni usalama, nimeshaona wanaofanya hivyo.

Risiva yake, kile kifaa ndani ya roboti kinachopokea amri za rimoti, nayo ni hatari kwa namna nyingine. Kwenye mashindano yoyote ya roboti hizi yanayoeleweka, mkaguzi anakwambia uzime rimoti roboti ikiwa imewashwa. Magurudumu na silaha lazima visimame vyenyewe. Visiposimama huingii ulingoni, basi. Risiva aliyouza jamaa ilikuwa na jina la kampuni inayofahamika, lakini herufi zimechapwa kombo. Tuliivua silaha, tukaipandisha roboti juu ya tofali magurudumu yakiwa hewani, tukasukuma kijiti kidogo, tukazima rimoti. Magurudumu yakaendelea kuzunguka mpaka tulipochomoa betri. Sasa wekeni hapo bapa la chuma linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika, halafu rimoti iishiwe betri sebuleni kwenu. Jaribio hili ni la dakika moja, lifanyeni kwa risiva yoyote, hata iliyotoka duka mnaloliamini. Silaha iwe imevuliwa, si imezimwa.

Kwenye chuma anawapiga wale wanaojiona wajanja. Anauza bapa la silaha kwa jina la Hardox, aina ya chuma kigumu sana, limepakwa rangi ya kijivu na kugongwa namba 500. Hardox 500 inayotengenezwa na SSAB ya Sweden ina ugumu wa 470 hadi 530 kwa kipimo cha Brinell, wakati chuma cha kawaida cha kuchomelea kiko kwenye 120 hadi 150. Mzani hautakusaidia hapa, vyote vina uzito uleule. Bapa la jamaa tulilipeleka kwa fundi wa eneo la Gerezani, akalitoboa kwa biti ya kawaida, nyuzi za chuma zikatoka ndefu zimejikunja, akauliza kama tunataka atoboe na tundu la pili. Hardox halisi ingeila biti hiyo na kumwachia fundi moshi na kelele. Bapa laini likigonga roboti ya mwenzio linapinda, likipinda linakosa mizani, na mtikisiko wake unaweza kung'oa mota yenyewe.

Kwa titani ndiyo mzani unakuwa rafiki. Chukua kipande cha sentimita 10 kwa 5, unene milimita 3. Hiyo ni sentimita za ujazo 15. Kikiwa titani kitakuwa na gramu 66 hivi, kikiwa alumini gramu 40, kikiwa chuma 118. "Titani" ya jamaa ilisoma 41. Na ile plastiki angavu ya kifuniko anayoiita polikaboneti, kata kipande chembamba cha pembeni ukikunje kwa koleo: polikaboneti inapinda na kubaki imepinda, akriliki inakatika pah na kurusha vipande. Vaeni miwani kabla ya kujaribu.

Sisemi Kariakoo nzima ni matapeli, msinielewe vibaya. Kuna maduka ya elektroniki pale ambayo muuzaji mwenyewe atakutolea multimita, kile kipimo cha umeme, atapima kila selo mbele yako na kukuandikia risiti ya EFD bila kununa. Hao bei zao ziko juu kidogo, na mimi ningelipa hiyo nyongeza mara kumi. Wanaoagiza wenyewe China kwa wakala wa kago, ulizeni kwanza kama wakala huyo anapokea betri, maana wengi wanazikataa na wengine wanazipitisha kwa kuziandika jina lingine, kisha zikikamatwa hasara ni yako.

Aliyeshatuma hela asikae akisubiri "kesho". Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako muda uleule, maana hela ikiwa bado haijatolewa kuna uwezekano wa kuizuia. Ujumbe wake wa kitapeli upeleke 15040, ndiyo namba ya TCRA kwa mambo haya. Kisha nenda kituo cha polisi ulipo, fungua taarifa upewe RB, ile namba ya taarifa yako. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na askari akikwambia "hayo ni madeni yenu" mtajie hiyo kwa upole. Usifute mazungumzo, na usimtukane, maana akikublock unapoteza picha ya wasifu wake na tarehe. Piga picha za skrini zikionyesha namba kamili, si jina ulilomhifadhia.

Vifaa alivyowatumia msivitupe wala msimrudishie, hata akiahidi kubadilisha. Betri tu ndiyo ikae nje kwenye mchanga, mkiwa mmeshaipiga picha lebo zote mbili na namba za multimita.

Tayari tuna orodha ya namba alizopokelea hela, zote za majina tofauti. Kama ulilipa kwake, nitumie faragha namba uliyolipia na tarehe, nitakwambia kama imo na RB ipi tunaiunganisha nayo. Hapa kwenye maoni msiweke namba ya mtu yeyote, baadhi ya hizo laini zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote. Na nawe piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.