Ufunguo wa Gari Ukilowa: Cha Kununua Kwanza na cha Kununua Mwisho

Ufunguo wa rimoti uliozama kwenye ndoo ya nguo haufi palepale. Kinachouua ni umeme wa betri unaoendelea kupita kwenye unyevu na kuila shaba ya saketi (kibao cha umeme kilicho ndani), kazi ambayo huendelea kimyakimya hata baada ya ganda la nje kukauka. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, fungua ganda, toa betri, na usibonyeze kitufe chochote kwa nia ya kujaribu. Vitu vifuatavyo nimevipanga kwa kadiri kila kimoja kinavyostahili fedha zako.

Nafasi ya kwanza naipa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, na ukipata ya asilimia 99 ndiyo bora. Wapo watakaoshangaa kwamba betri haikutangulia. Mimi nami niliwahi kuanza na betri: suruali ilifuliwa na ufunguo mfukoni, kesho yake nikaweka betri mpya, na kwa muda wa wiki moja milango ikafunguka kama kawaida. Kitufe kilipogoma nilifungua ganda nikakuta unga wa kijani umekizunguka kibati kinachoshika betri, na nilipokigusa kwa kijiti cha meno kikakatika. Maji hukauka yenyewe, lakini sabuni na chumvi hubaki, na ndizo zinazohitaji kuondolewa. Chovya mswaki laini kwenye alkoholi, usugue saketi taratibu pande zote mbili, kisha uiache ikauke mbali na moto, kwa kuwa alkoholi hushika moto upesi. Ikiwa ufunguo ulianguka baharini, usuuze kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi, kwani alkoholi haiyeyushi chumvi vizuri. Spiriti ya asilimia 70 inayouzwa kwa ajili ya vidonda ina maji mengi, hivyo inunuliwe tu pale ambapo hakuna nyingine.

Betri inafuata, na hapa kosa la kawaida ni kuchukua inayofanana. CR2032 na CR2025 zote zina kipenyo cha milimita 20 na volti 3, ila ya kwanza ina unene wa milimita 3.2 na ya pili 2.5, na tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya rimoti ikubali leo na kukataa kesho. Soma namba iliyo kwenye betri ya zamani, ununue iliyo ndani ya pakiti iliyofungwa, na uiweke mbali na watoto, kwa sababu betri ya aina hii ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.

Ganda jipya linashika nafasi ya tatu, na linafaa tu ikiwa vitufe vya mpira vimechanika au ganda limepata ufa unaopitisha maji. Halihitaji kuprogramiwa, yaani kuoanishwa na gari, maana saketi ni ileile unayoihamisha. Angalizo ni moja: katika baadhi ya funguo, chipu ya mfumo wa kuzuia wizi ni kipande kidogo cheusi kilichochomekwa pembeni, si sehemu ya saketi, na mwenye haraka hukitupa pamoja na ganda la zamani. Hapo milango hufunguka lakini injini haiwaki.

Ufunguo mzima mpya nimeuweka nafasi ya nne kwa makusudi, kwa kuwa ndio ghali kuliko vyote na mara nyingi hununuliwa mapema mno. Chipu hiyo ya kuzuia wizi kwa kawaida haitegemei betri ya ufunguo, bali hupata nguvu kutoka kwenye gari. Hivyo, ikiwa injini bado inawaka ufunguo ukiwa ndani ya swichi, au ukisogezwa karibu na kitufe cha kuwashia katika magari ya namna hiyo, chipu ni nzima na tatizo liko upande wa rimoti peke yake. Ikibidi kununua, hakikisha masafa ya mawimbi ya redio yanalingana, kwa kuwa rimoti ya megahezi 315 haitasikika na gari linalotumia 433 hata kama maganda yamefanana kabisa. Funguo zilizotumika nisingezigusa, maana nyingi chipu zake zimeshafungwa kwa gari la mwanzo. Zile zisizo za kiwanda kilichotengeneza gari zinafaa kuwa akiba. Ikiwa huna ufunguo mwingine, lipia wa asili.

Vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, havina haja ya kununuliwa, ingawa havidhuru vikiwekwa na saketi baada ya kusafishwa. Mchele, pamoja na sifa zote unazopewa, hauondoi chumvi wala sabuni, na vumbi lake huingia chini ya vitufe.