Diski ya nje ipi ununue ikiwa itategemea umeme wa kompyuta mpakato peke yake

Mnunuzi wa diski ya nje katika maduka ya Kariakoo au ya Mtaa wa Samora huulizwa kwanza anataka terabaiti ngapi, na ni nadra kuulizwa kompyuta yake ina matundu gani ya USB. Swali hilo la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu diski nyingi za kubeba mkononi hazina chaja: umeme wote unaoziendesha hupita kwenye waya uleule unaopitisha mafaili.

Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3.0, ambalo kiwango chake kilitolewa mwaka 2008 na ambalo mara nyingi, ingawa si mara zote, hutambulika kwa rangi ya buluu kwa ndani, hutoa miliampea 900. Tundu la USB-C laweza kufika ampea 1.5 au 3, kutegemea lilivyoundwa. Sasa diski ya inchi 2.5 yenye sahani zinazozunguka, ikishashika kasi, hutumia kiasi kinachocheza karibu na nusu ampea; lakini katika sekunde chache za mwanzo, mota inapozitoa sahani katika hali ya kusimama, mahitaji yake huweza kukaribia ampea nzima. Hapo ndipo tundu dhaifu hushindwa. Taa ya diski huwaka, sahani huanza kuzunguka, husikika mlio wa tik, tik, kisha kimya, kisha mambo yaleyale tena. Wenye diski wengi huipeleka kwa fundi wakiamini imekufa, kumbe umeme haukuitosha.

Kwa mtu anayefanya kazi kwa kompyuta mpakato, nafasi ya kwanza naipa diski ya SSD, ile inayohifadhi mafaili kwenye chipu. Haina mota wala sahani, kwa hiyo haina ule mzigo wa kuanza kuzunguka, na mitikisiko ya bodaboda haiisumbui kama inavyoisumbua diski ya sahani. Mwenye kompyuta ya zamani yenye matundu ya USB 2.0 achague SSD ya kasi ya kawaida, kwani zile za kasi kubwa sana huweza kuhitaji umeme mwingi zinapoandika, na kasi hiyo hataiona hata hivyo. Gharama yake kwa kila terabaiti ni kubwa zaidi, na hilo ndilo limefungua mlango kwa bidhaa za udanganyifu: vijisanduku vya bati vilivyoandikwa terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache, ambavyo ndani vina kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili iidanganye kompyuta. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, hujaza diski nzima kisha huisoma upya, na udanganyifu hujitokeza. Jambo moja tu laipunguzia SSD sifa: haifai kujazwa picha za harusi na kufungiwa kabatini miaka mingi bila kupewa umeme, hasa katika joto letu.

Kwa kazi hiyo ya kuhifadhi, na kwa mfuko wa kawaida, diski ya sahani ya inchi 2.5 yenye USB 3.0 ndiyo ya pili, na haiko mbali na ya kwanza. Ila waya wake uangaliwe kwa makini kuliko diski yenyewe. Diski ya namna hii hutaka volti 5 zisizopungua kwa zaidi ya asilimia 5, yaani zisishuke chini ya 4.75. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea moja hupoteza volti 0.3, na hivyo diski hubakiwa na 4.7. Ndiyo maana waya mfupi uliokuja na diski huiendesha vizuri, na ule mrefu ulionunuliwa barabarani huifanya ijitoe katikati ya kunakili. Waya ukipotea, nunua mfupi na mnene, hata kama mrefu unakufikia vizuri mezani.

Ya tatu ni kasha tupu linalotiwa diski iliyotolewa kwenye kompyuta iliyoharibika. Ni nafuu, na kasha likifa diski huhamishiwa jingine, faida ambayo diski kadhaa za dukani hazina kwa kuwa kiunganishi chao cha USB kimejengwa kwenye bodi ya diski yenyewe. Soma kibandiko cha diski kabla ya kuifunga: kwenye mstari wa volti 5, yenye ampea 0.5 ni rafiki wa kompyuta yako kuliko yenye ampea 1.

Waya wenye vichwa viwili vya USB, unaochota umeme katika matundu mawili, mimi nauhesabu kuwa dawa tu. Viwango rasmi vya USB haviutambui, ingawa kwa kompyuta ya zamani mara nyingi hufanya kazi. Habu, yaani kifaa cha kuongeza matundu ya USB, yenye adapta yake ni bora zaidi kwa anayekaa mahali pamoja.

Ya mwisho ni diski kubwa ya inchi 3.5. Hiyo huhitaji volti 12, kwa hiyo huja na adapta ya ukutani. Terabaiti zake ni za bei nafuu, lakini TANESCO wakikata umeme wakati unanakili, kompyuta yako itaendelea kwa betri na diski itazimika palepale faili likiwa nusu. Bila UPS, yaani betri ya akiba ya kuendeshea vifaa umeme unapokatika, nisingeinunua Dar es Salaam.

Yoyote utakayoichagua, nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe, ichomoe kwenye chaja, kisha uijaribu diski katika kila tundu kwa kunakili faili kubwa huku ukiisikiliza. Muuzaji akikuonyesha kwenye kompyuta yake ya mezani, mshukuru kisha uombe ya kwako nayo ijaribiwe, na katika risiti ya EFD aongeze kwa kalamu namba ya diski na muda wa waranti.