Mashine ya MIG ya ampea 250 katika karakana ya Katwe: uzoefu wangu wa kupanga volti, waya na gesi

Mashine ninayoieleza hapa ni ya MIG, yaani ya kuchomelea chuma kwa waya unaosukumwa mfululizo huku gesi ikiukinga mshono dhidi ya hewa, aina ya inveta (inayogeuza umeme kwa saketi za kielektroniki), yenye uwezo wa ampea 250, inayotumia umeme wa fezi moja, na ambayo sehemu ya kusukuma waya imo ndani ya mwili wake. Tunaitumia katika karakana yetu ya Katwe, Kampala, kwa kazi zinazojulikana mtaani hapa: mageti, fremu za madirisha, vitanda vya chuma, keria za bodaboda, na mara nyingine fremu za mashine za kusaga mahindi. Lugha ya kazi kwetu ni Kiswahili, kwa kuwa wenzangu wametoka Arua, Busia na hata Bukavu, na mengi ninayoyaandika tumeyajadili pamoja tukiwa tumeizunguka mashine hiyo. Nimeridhika nayo. Hata hivyo, kuridhika kwangu kuna sharti moja, nalo ni kwamba jedwali la mipangilio lililobandikwa ndani ya mlango wake lisichukuliwe kama amri, na kwamba kila unene mpya wa chuma upimwe kwanza kwenye kipande, kisha kipande hicho kikatwe na kutazamwa ndani.

Kwa wale waliozoea mashine ya fimbo, inayoyeyusha fimbo fupi ya chuma yenye mipako, inafaa kwanza kueleza kinachobadilika. Kwenye fimbo, fundi hupanga ampea, na urefu wa tao la umeme, yaani mwale unaowaka kati ya fimbo na chuma, huutawala kwa mkono wake. Kwenye MIG, mashine ndiyo inayoshikilia volti, na volti huamua urefu wa tao na upana wa mshono, ilhali ampea hufuata kasi ya waya: ukiongeza kasi, ampea hupanda, kwa sababu chuma kingi zaidi kinatakiwa kuyeyuka kwa muda uleule. Ndiyo maana vitufe viwili vikubwa vya mashine hii, cha volti na cha kasi ya waya, haviwezi kupangwa kimoja bila kingine. Volti ikiwa ndogo kuliko waya unavyodai, waya hugonga chuma kabla haujayeyuka, bunduki, yaani mpini unaotoa waya na gesi, husukumwa nyuma mkononi, na mshono hukaa juu ya chuma ukiwa mwembamba na ulioinuka. Volti ikizidi, tao hurefuka, mshono hulala na kupanuka, matone makubwa huruka, na pembeni mwa mshono huchimbika mfereji unaopunguza nguvu ya chuma chenyewe. Ikizidi zaidi, waya huyeyuka hadi kwenye ncha ya shaba ya bunduki na kuiziba.

Mahali pa kuanzia ni ampea 40 hivi kwa kila milimita moja ya unene, na kwa chuma cha kawaida kisichozidi milimita 4 kanuni hiyo inatusaidia sana. Waya wetu mkuu ni wa milimita 0.8, wa daraja la ER70S-6, ambao una manganizi na silikoni ya kutosha kuondoa oksijeni kwenye chuma kilichoyeyuka, na hivyo huvumilia kutu ya kiasi kidogo vizuri kuliko waya wa madaraja mengi mengine. Kwa waya huo, mita 5 kwa dakika hukaribia ampea 100, na skrini ya mashine hii huonyesha ampea halisi wakati wa kuchomelea, jambo ambalo naliona la thamani kubwa kwa sababu linampa fundi namba ya kulinganisha na kile anachokiona.

Tuchukue bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 1.5, ambalo ndilo chuma kinachopita zaidi mikononi mwetu. Mashine ina hali ya kujipanga yenyewe: unaiambia unene wa chuma na kipenyo cha waya, nayo inachagua volti na kasi. Kwa bomba hilo ilichagua volti 16 na nusu. Waya ukagonga, sauti ikakatikakatika, na mshono ukakaa juu kama kamba. Sababu yake imo katika maandishi madogo chini ya jedwali: hesabu zote zilifanywa kwa mchanganyiko wa argoni asilimia 80 na CO2 (kaboni dioksidi) asilimia 20. Sisi, kama karakana nyingi za mtaa huu, hutumia CO2 tupu kwa sababu ya bei, na CO2 tupu huhitaji volti zaidi ili tao litulie. Tulipopandisha hadi volti 18, tukiacha waya kwenye mita 3 na nusu kwa dakika, ampea zikasimama karibu na 70, na sauti ikageuka kuwa ya mfululizo, kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Sauti hiyo ndiyo tunayomfundisha kila kijana anayeanza kazi, kwa kuwa inamfikia hata anapokuwa hauoni mshono wake vizuri ndani ya kofia.

Kitufe cha indaktansi ambacho wengi hukiacha katikati kinastahili dakika chache. Waya unapogusa chuma, mkondo hupanda kwa ghafla hadi waya unakatika, na indaktansi hupunguza ukali wa kupanda huko. Kwenye CO2 tupu, ambayo kwa asili yake hurusha matone mengi, kukipandisha kitufe hicho kidogo kupita katikati kulitupunguzia kazi ya patasi na grenda kwa kiasi kinachoonekana, na mshono ukalala vizuri zaidi kwenye kingo. Kikizidi, hata hivyo, tao huwa zito kuwaka, na kwenye chuma chembamba joto hukaa mpaka bomba likatoboka.

Namba zote hizo hazina maana iwapo mkono unazibadilisha. Urefu wa waya unaochomoza kutoka kwenye ncha ya shaba unatakiwa uwe kama milimita 10 kwa waya wa 0.8. Ukiusogeza mkono nyuma hadi milimita 20, utaona kwenye skrini ampea zikishuka ingawa hujagusa kitufe chochote, kwa sababu waya mrefu una ukinzani zaidi na unapata joto kabla ya kufika kwenye tao. Hapo kupenya kunapungua, na gesi nayo inakuwa mbali. Pembe ya bunduki ya nyuzi 10 hadi 15 inatosha. Tunaisukuma mbele kwenye chuma chembamba, na tunaivuta pale tunapotaka mshono uzame zaidi.

Sasa nifike kwenye kukata, maana hapa ndipo ninaposisitiza. Mshono wa MIG unaweza kuwa na sura safi kabisa huku chuma cha chini hakijayeyuka. Hali hii hutokea hasa kwenye bamba nene likichomelewa kwa volti za chini, ambapo waya hugusa na kukatika mara nyingi kwa sekunde: chuma kinachoshuka hakina joto la kutosha kulifungua bamba, kwa hiyo kinalala juu yake tu. Mteja mmoja aliyekuja kuangalia fremu ya mashine yake ya kusaga alinikuta nikilisha msumeno kipande cha majaribio chenye mshono wa kupendeza, akauliza, “Fundi, mbona unakata kitu kizuri?” Nilimwonyesha uso uliokatwa baada ya kuusugua kwa msasa laini: bamba la milimita 6 lilikuwa na mstari mweusi ulionyooka chini ya mshono, hakuna mahali chuma kimoja kimeingia kwenye kingine. Kipande cha pili, cha volti 22 na ampea zaidi ya 160 kwa waya wa milimita 1.0, hakikuwa na mstari huo. Kwa nje vilifanana kiasi kwamba mteja hakuweza kuvitofautisha. Fremu inayobeba mota inayotetemeka siku nzima haiwezi kukabidhiwa kwa kuutazama mshono juu tu.

Kuhusu gesi, mtiririko wa lita 10 hadi 12 kwa dakika unatutosha ndani ya karakana. Kuna imani kwamba ukiona vitundu kwenye mshono dawa ni kuongeza gesi, lakini gesi ikizidi huvurugika inapotoka kwenye nozo na kuvuta hewa ndani yake, na vitundu vinaongezeka. Adui halisi ni upepo. Karakana yetu iko wazi upande wa barabara, na upepo wa takriban mita 2 kwa sekunde tayari unaweza kuipeperusha gesi, kwa hiyo tumetundika turubai upande huo kabla ya kufikiria kitufe chochote. Turubai halijafungwa hadi juu, kwa makusudi, kwa kuwa moshi unapaswa kutoka, na kwa kuwa CO2 ni nzito kuliko hewa na hukaa chini mahali pasipopitisha hewa.

Jambo lingine ambalo wanunuzi wapya hawaelezwi ni kwamba saa ya shinikizo kwenye mtungi wa CO2 haisemi gesi imebaki kiasi gani. Ndani ya mtungi kuna kimiminika, na kwenye joto la nyuzi 25 shinikizo hubaki karibu baa 64, mtungi ukiwa umejaa au umebaki nusu. Linashuka pale tu kimiminika kinapokwisha, wakati kazi iko katikati. Sisi hupima mtungi kwa mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye bega lake. Vilevile, regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi kwenye mtungi, huganda barafu gesi inapotumika kwa muda mrefu, na ndiyo kazi ya soketi ndogo ya volti 36 iliyo nyuma ya mashine: ni ya hita ya regyuleta. Regyuleta iliyokuja ndani ya boksi ilivuja kwenye nati tangu mwanzo, jambo tulilolithibitisha kwa povu la sabuni, na muuzaji hakukubali kuibadilisha. Klampu ya athi, inayobana chuma ili umeme urudi kwenye mashine, nayo ilikuwa dhaifu. Tumeweka nyingine nzito, na tunasaga rangi na kutu mahali inapobana, kwa sababu athi mbovu huyumbisha tao kwa namna ambayo hakuna mpangilio unaoweza kuirekebisha.

Umeme wa mtaani unastahili aya yake. Mashine inatarajia volti 230, lakini jioni, karakana zote zinapofanya kazi kwa pamoja, tumepima volti 195 kwenye soketi. Mpaka kwenye volti 200 hivi inveta hufidia bila shida. Chini ya hapo tao huanza kupumua, na ni vyema kuahirisha kazi ya bamba nene. Waya mrefu na mwembamba wa kuongezea umeme unaleta hasara ileile hata asubuhi. Wanaopanga kutumia jenereta wafanye hesabu kabla ya kununua: kwa ampea 250 mashine hutoa volti kama 26 na nusu, yaani zaidi ya kilowati 6 na nusu kwenye tao peke yake, kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Jenereta ya kVA 5 haiwezi kuibeba kwenye nguvu yake yote. Vilevile maandishi ya asilimia 60 kwenye bamba la mashine yanamaanisha dakika 6 za kuchomelea kwa ampea 250 ndani ya kila dakika 10. Kwa mageti hatujawahi kuukaribia mpaka huo.

Sehemu ya kusukuma waya ni imara kuliko nilivyotarajia kwa bei yake. Roli zina mfereji wa V, unaofaa waya mgumu wa chuma, na mkazo wake tunaupanga ili waya usiteleze bila kuubana mno, kwa maana waya ukikwama mbele roli zilizokazwa kupita kiasi huendelea kusukuma hadi waya ujiviringe ndani ya mashine. Ncha za shaba huisha haraka. Tundu likishapanuka, umeme haupiti kwa utulivu, na fundi huanza kuhangaika na volti wakati kosa liko kwenye kifaa kidogo cha bei ndogo. Vipuri hivyo vinapatikana Katwe bila shida kwa sababu kiungo cha bunduki ni cha aina ya kawaida, na hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa mabomba yenye zinki, tunasaga zinki kwanza kila upande wa kiungo. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, mbali chini ya joto la chuma kuyeyuka, na mvuke wake huacha vitundu kwenye mshono na homa ya usiku kwa aliyeuvuta.

Kwa karakana ya mageti na samani za chuma, mashine hii naipendekeza kwa moyo mkunjufu: kazi imekuwa ya haraka, hakuna ganda la kubomoa, na bomba jembamba halitoboki kama lilivyokuwa likitoboka kwa fimbo. Kwa kazi za juu ya paa na za shambani, ambako upepo hauzuiliki, tumeendelea na fimbo, na kwa bamba la zaidi ya milimita 8 nisingeitegemea bila kuchonga kingo za bamba kwanza. Anayetaka kuinunua aende dukani na kipande chake mwenyewe cha bomba la milimita 1.5, aombe mashine iwashwe kwa gesi ileile atakayoitumia, achomelee, kisha aombe grenda na kukikata kipande hicho palepale.