Marrakech hadi Ouarzazate kwa Dacia Sandero: kitufe kilichotupa amani ya safari

Kitufe hiki hapa kwenye usukani. Baba watoto, toa mkono kidogo watu wakione. Haya, habari zenu wapendwa, karibuni sana. Leo tuko Morocco, tumeegesha kwenye sheli nje kidogo ya Marrakech, tunaelekea Ouarzazate, na gari ninalolichambua ni hili tulilokodi, Dacia Sandero ya dizeli, gia za mkono. Ukubwa wa buti na idadi ya mifuko ya hewa mtavikuta popote, sitawapotezea bando. Mabegi yetu makubwa yameingia na nafasi imebaki, basi. Mimi leo nimekuja na jambo moja: kitufe hiki cha kikomo cha mwendo, kinachozuia gari lisivuke namba uliyoweka.

Najua mtu wa Dar au Nairobi akisikia hivyo anawaza spidi gavana. Wakenya mnaijua tangu sheria za waziri Michuki za 2004: matatu inafungwa isivuke kilomita 80 kwa saa, inapigwa lakiri, dereva hana la kusema. Hiki si hicho. Hiki unakipanga mwenyewe na kukibadilisha wakati wowote gari likiwa linatembea. Twendeni niwaonyeshe.

Tumeshatoka mjini. Tazameni dashibodi, siyo mimi. Hapa inaruhusiwa 100. Baba watoto anabonyeza kuwasha, namba imetokea. Anapandisha mpaka 100. Sasa kanyaga mafuta. Kanyaga tena. Mnaona? 96, 98, 100, limegoma! Mguu uko kwenye mafuta na mshale hausogei. Halishtuki, halitikisiki, injini imetulia tu. Mbele kule kuna kibao cha 80. Shusha, shusha, haya, 80. Gari linapungua lenyewe taratibu, mguu hajautoa. Sasa naona nyumba, kibao cha 60. Shusha. Na pale mbele 40. Ndani ya dakika chache namba imebadilika mara zote hizo, na mume wangu hajaangalia mshale hata kidogo, macho yake yako barabarani kwenye punda na watoto wanaotoka shule. Hicho ndicho ninachokipenda!

Msikichanganye na krusi. Krusi unatoa mguu, gari linashika mwendo lenyewe. Hiyo ni nzuri kwenye barabara kuu za kulipia kama Casablanca kwenda Tangier, lakini kwenye njia yenye kona na mikokoteni ni ya kuiacha. Kwa kikomo mguu unabaki pale pale, wewe ndiye dereva, kinachozuiwa ni kuvuka namba tu. Na ukibanwa, tuseme umeanza kuovateki lori na kuna gari linakuja, kanyaga mafuta mpaka sakafuni kwa nguvu, kikomo kinaachia. Tumeijaribu kwenye eneo la wazi kabla hatujaihitaji, na nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Sasa kwa nini nashikilia hili? Sheria ya huku ni 60 ndani ya miji, 100 nje, 120 barabara kuu za kulipia, ila vibao vinashuka ghafla mkikaribia kijiji, na tochi zipo. Tochi ile ile mnayoijua, ya polisi kupimia mwendo. Nje ya miji wanaosimamisha magari ni askari wa Gendarmerie Royale, mjini ni polisi. Ukiwakuta wameweka kibao cha "Halte", yaani simama, barabarani, unapunguza, unasimama kwenye kibao, unasubiri akupungie mkono. Usipite tu kwa sababu umemwona anaongea na mwenzake. Ukikamatwa kwa mwendo unalipa faini, unapewa risiti, unaendelea. Sisi tumepita vizuizi vyote kwa salamu, "salam aleikum", "karibuni", basi.

Lakini faini siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni mke na mume ndani ya gari moja kutwa nzima. Wenye ndoa mnanielewa. Abiria anaona mwendo umezidi, anasema "punguza". Dereva anasikia "hujui kuendesha". Anapunguza kwa hasira, baada ya kona mbili amerudi kule kule, unasema tena, na ikifika saa sita mchana mmekaa kwenye mgahawa mzuri kabisa wenye tajine ya kondoo, ile nyama ya kupikwa kwenye chungu, na hakuna anayemtazama mwenzake. Kwa kikomo ugomvi ule hauna pa kuanzia. Mimi nasoma kibao, nasema namba, yeye anabonyeza. Sijamkosoa, nimemsomea. Na kwa sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda ambao tumezoea kuendesha kushoto, huku ni kulia, usukani uko kushoto, kila kipilefti kinataka akili yote. Dereva akipunguziwa jambo moja la kufikiria ni afya ya ndoa, nasema kwa moyo wote.

Haya, tumeanza kupanda. Njia hii ni N9, kilomita 200 hivi kutoka Marrakech hadi Ouarzazate. Kwa umbali ni karibu sawa na Dar kwenda Morogoro, ila hesabuni saa 4 bila kusimama, kwa sababu mnavuka milima ya Atlas kupitia Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya bahari. Waliopita mlima Kitonga kule Iringa wana picha kidogo. Huku juu theluji ikianguka sana barabara hufungwa, kwa hiyo mkija wakati wa baridi ulizeni kabla ya kutoka hotelini.

Na hapa nisikilizeni vizuri sana. Mkianza kushuka, kikomo HAKISHIKI BREKI. Kinazuia mafuta tu. Mteremko ukiwa mkali gari litavuka namba uliyoweka kwa uzito wake. Angalieni, tumeweka 50, linasoma 56, namba inawaka na kuzima kukuonya. Hapo unaingiza gia ya pili au ya tatu, injini inalizuia, breki unazigusa na kuachia, usizikandamize njia nzima zikapata moto. Kitufe kizuri, lakini mlima ni mlima.

Mmeniuliza sana kama ni bora kukodi Duster, ile Dacia nyingine iliyo kubwa na ya juu zaidi. Nikiwa pale chini nilikuwa nawaambia Sandero inatosha. Sasa hivi nyuma ya haya malori mawili, kona hazionekani mwisho, naielewa hoja ya Duster, unakaa juu zaidi na unaona mbele. Kama mko wanne na mizigo, chukueni Duster. Kama mko wawili... bado nasema Sandero. Inatengenezwa hapa hapa Morocco, kiwanda cha Tangier kilichofunguliwa mwaka 2012, na huku Dacia ziko kila mahali. Hata teksi kubwa za kwenda mikoani, zile Mercedes za zamani, nyingi zimebadilishwa kuwa Dacia Lodgy. Likizingua, fundi wa kijiji chochote analijua.

Dokezo la chaneli kabla sijasahau. Tangu AFCON ichezwe huku mmekuwa mkiniuliza kuhusu miji ya kaskazini. Video ijayo ni Casablanca hadi Tangier, na kwa njia hiyo siwashauri kukodi gari kabisa. Kuna treni ya Al Boraq, ilianza 2018, inafika kilomita 320 kwa saa. Jiungeni na chaneli isiwapite.

Tumesimama Aït Benhaddou, kijiji cha udongo kilicho kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Mnaacha N9 na kuingia kando kidogo, zimebaki kilomita 30 hivi kufika Ouarzazate. Msipite bila kuingia! Na oneni gari lilivyoingia kwenye upenyo huu wa maegesho. Duster hapa ingetutoa jasho, kwa hiyo narudi kwenye Sandero.

Bei sasa. Sisi tumelipa dirham 350 kwa siku, na dola moja ni kama dirham 9 hadi 10. Ila kuna wakala mmoja, simtaji, alitutangazia bei ya chini kuliko hiyo, tulipofika kaunta akataka dhamana kubwa ajabu kwenye kadi au tununue bima yake, na bei ikawa karibu mara mbili. Tuliondoka. Ulizeni dhamana kwanza, bei ya siku baadaye. Na kabla ya kusaini, ingieni ndani ya gari lenyewe mtakalopewa, siyo la maonyesho, washeni, bonyezeni kitufe cha kikomo muone namba inatokea kwenye dashibodi. Isipotokea, ombeni gari lingine.