Uanagenzi katika wakfu wa jamii Kilifi: uzoefu wangu

Wanafunzi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kuomba nafasi ya uanagenzi katika wakfu wa jamii wakati wa likizo ndefu, au ni heri mtu atafute benki ama ofisi za kaunti. Mimi nasema iombeni. Lakini ombeni mkijua kazi yenyewe ikoje, kwa sababu tangazo lake halielezi hata nusu.

Nasoma maendeleo ya jamii Chuo Kikuu cha Pwani. Wakfu niliofanyia kazi ni mdogo, una wafanyakazi wachache na gari moja. Hukusanya michango ya wenyeji, ya watu wetu walio Mombasa na Nairobi, na ya wafadhili wakubwa, kisha hutoa ruzuku kwa vikundi vya vijijini. Sehemu ya fedha haiguswi. Inawekezwa, na faida yake ndiyo inayogawanywa mwaka hadi mwaka. Mfumo huu ulianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914, kwa wazo la mwanabenki Frederick Goff, na hapa kwetu waliouzoesha watu ni Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997. Darasani nilikuwa nimeyasoma hayo yote. Ila aliyenifanya niyaelewe ni mzee mmoja wa Takaungu. Afisa wetu alikuwa akieleza kwa nini wakfu hauwezi kutoa fedha zake zote mara moja, na watu wanaguna. Mzee akasema, "Ni kama shamba la msikiti. Minazi haiuzwi. Zinauzwa nazi, na nazi ndizo zinazoezeka paa." Mguno ukaisha, maswali yakaanza, tena maswali ya maana: nani anatunza minazi, na nani anahesabu nazi.

Wiki za mwanzo ni za ofisini na sina mengi ya kusifu hapo. Unapanga majalada, unakagua kama kikundi kina katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki na cheti cha usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi, na utaona maombi mengine yamejazwa majina ya shangazi na binamu ili idadi itimie. Unajifunza kuyatambua mapema.

Utamu uko nyanjani. Nilipangiwa upande wa Ganze, na kikundi nilichokaa nacho zaidi ni cha kina mama walioomba mashine ya kusaga unga. Ofisini ombi lao lilitazamwa kwa wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu: mashine za msaada zilizokufa zimejaa vijijini, zimefunikwa magunia. Baadhi ya maafisa walitaka kuwashauri wafuge kuku.

Tulikaa chini ya mkwaju, na mweka hazina, mama wa makamo asiyeongea sana, akatoa daftari. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ameiandikia inasaga gorogoro ngapi kwa wiki, miezi gani inakula mahindi ya shambani na miezi gani inanunua. Nikamuuliza swali la ofisi: kiangazi kikikaza, mashine si itakosa cha kusaga? Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, njaa ikija tunanunua mahindi dukani, punje. Na ya msaada huja punje. Hapo ndipo tunatembea zaidi kutafuta mashine, na hapo ndipo hatuna nguvu." Yote yalikuwa daftarini, mwezi kwa mwezi.

Kilichowatia hofu wao ni fundi. Mashine ikiharibika fundi anatoka Kilifi mjini, analipwa nauli, chakula na kazi, na akisema kesho anakuja wiki ijayo. Kwa hiyo walitaka sehemu ya ruzuku iwapeleke wasichana wawili wa kijiji chuo cha ufundi wakajifunze kutengeneza injini. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika jambo hilo. Palikuwa na "vifaa" na palikuwa na "mafunzo ya uongozi". Nikaliandika kwenye karatasi ya pembeni na kuiambatisha.

Hapa ndipo programu hii inapozishinda nyingine ninazozijua. Mwanagenzi haandiki ripoti kisha ikamezwa na kabati. Anaitwa mbele ya kamati ya ruzuku, aisome, aulizwe. Kamati yetu ilikuwa na mwalimu mstaafu, imamu, mhasibu, na mama mmoja mchuuzi wa samaki ambaye ndiye aliyeuliza maswali makali kuliko wote. Kwa nini injini ya dizeli na si ya umeme? Kwa sababu nguzo zinaishia sokoni. Nani atashika funguo? Bei ya kusaga itapangwaje mwenye kitu na asiye na kitu wasionane vibaya? Nilijibu niliyoyaona, na nisiloliona nilisema tuwapigie simu wenyewe, na tukawapigia palepale. Mwishowe ruzuku ilipitishwa kwa awamu mbili: kwanza ada ya wasichana, halafu mashine, kikundi kikishajenga kibanda. Mawe, mchanga na siku za kazi za kina mama vilihesabiwa kuwa mchango wao, kwa thamani ya shilingi, na ni haki kabisa. Mtu aliyebeba maji kichwani ili zege ikorogwe ametoa fedha.

Sasa mabaya, na nayasema kwa sababu naipenda programu hii na nataka idumu.

Marupurupu yanachelewa. Nauli unatoa mfukoni mwako kwanza, kisha unarudishiwa baadaye, na bodaboda kutoka Ganze kuingia ndani si pesa kidogo. Mwenye wazazi wenye uwezo atangoja. Mwenzangu mmoja aliyetoka nyumba isiyo na akiba aliacha katikati, na alikuwa hodari kuliko sisi, tena anaongea Kigiriama cha nyumbani ambacho mimi nilikuwa nikikiomba kwa mkalimani. Wakfu wa jamii unaompoteza mtoto wa jamii hiyo kwa sababu ya nauli unapaswa kujirekebisha haraka.

La pili ni fomu za maombi kuwa za Kiingereza. Vikundi vinamlipa mtu mjini awaandikie, naye anaweka maneno mazito ambayo wenye mradi wenyewe hawawezi kuyatetea wakiulizwa. Sisi wanagenzi tulitafsiri fomu nzima kwa Kiswahili na kuongeza sehemu tupu isemayo "jambo lingine mnalolihitaji". Nilipoondoka rasimu ilikuwa kwa mkurugenzi, na nimewaomba walioingia baada yangu waifuatilie.

Anayefikiria kuomba, mwaka wa pili au wa tatu ndio mzuri, ukishajua kusoma bajeti na kabla hujabanwa na utafiti wa mwisho. Kabla ya kutia sahihi uliza mambo matatu, na utake majibu kwa maandishi: nauli inatolewa kabla au baada ya safari, marupurupu yanaingia tarehe ngapi, na kama utaruhusiwa kuingia kwenye kamati. Wakikujibu kwamba kamati si ya wanafunzi, tafuta wakfu mwingine.